TV Haioni Kompyuta: Tafuta Tatizo Kabla ya Kununua Waya Mwingine

Jumamosi ikifika saa moja jioni simu yangu huanza kuita, na maneno ni yaleyale, apige mtu wa Mwanga, wa Gungu au wa Ujiji: "Kaka fundi, TV haioni kompyuta." Muvi ipo, watoto wameshakaa mkekani, na kioo kimebaki cheusi na maandishi ya Kiingereza yanayohamahama. Kinachoniuma ni kwamba wengi wakinipigia wameshatoa hela. Huyu ameshanunua waya wa pili, yule wa tatu, na yupo aliyeagiza konvata Kariakoo ikaja na basi, kumbe alichohitaji ni kubonyeza rimoti mara moja.

Huku Kigoma, mwisho wa reli, kununua kwa kubahatisha kunaumiza. Kitu kikikosekana madukani Mwanga unasubiri mzigo wa Dar, na ukija si wenyewe unaanza upya. Nimeandika haya ili uweze kupima kila kipande mwenyewe, kwa vitu vilivyomo ndani, ujue kilichokufa ni kipi ndipo uende dukani.

Ukigusa kompyuta inakutekenya

Naanza na dalili ambayo watu wameizoea hadi hawaiiti tatizo. Unashika kasha la kompyuta ya mezani, au unapitisha kiganja juu ya laptopu yenye bodi ya chuma ikiwa inachaji, unasikia kama sisimizi wanatembea vidoleni. Ukiwa peku kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa, sisimizi wanageuka siafu. "Ndivyo ilivyo hiyo," watu husema, na maisha yanaendelea.

Niliwahi kuitwa Katubuka kwa mama mmoja mwenye TV ya inchi 43 ambayo haikuwa imemaliza hata miezi miwili. Matundu mawili ya HDMI, yale ya waya unaoleta picha na sauti pamoja, yalikuwa yamekufa, kila moja siku yake, kwa namna moja: kijana wake alichomeka waya huku vyote vimewaka, akaona cheche ndogo, na tundu halikuona kitu tena. Nikatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nikaigusisha kwenye skrubu ya nyuma ya kasha. Ikawaka. Mwanga ulikuwa hafifu, lakini yule mama aliuona kutoka mlangoni alipokuwa amesimama.

Nikafuata waya wa umeme. Kompyuta ilikuwa na plagi nzuri ya pini tatu, imechomekwa kwenye ekstensheni yenye matundu ya pini tatu. Nikaichomoa ekstensheni ukutani, nikaifungua. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu. Lile tundu la tatu, la ethi, lilikuwa na bati lake linang'aa, na hakuna waya wowote uliofika pale.

Sababu ya mtekenyo ni hii. Ndani ya pawasaplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo za kuchuja makelele ya umeme. Moja imefungwa kati ya waya wa moto na kasha, nyingine kati ya nyutro na kasha. Makelele hayo yalitakiwa yashuke ardhini kwa waya wa ethi, ule wenye mistari ya kijani na njano. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki linaning'inia katikati: umeme wetu ni volti 230, basi kasha hukaa kwenye kiasi cha volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unakutekenya badala ya kukurusha. Lakini plagi ya HDMI ina ncha 19 nyembamba, na nyuma yake kuna chipu zilizozoea volti 5 kushuka chini. Ukichomeka waya huku TV nayo imeungwa kwenye dishi au antena inayogusa ardhi, umeme ule unapata njia ya kushuka palepale, katikati ya chipu. Chipu haivumilii.

Dawa ya leo haina gharama. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wowote kati ya kompyuta na TV, zima vyote viwili na uchomoe plagi zote ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu TV iliyolala bado ina umeme. Laptopu itoe kwenye chaja. Chomoa na waya wa dishi. Unganisha HDMI, isukume hadi ikae, ndipo urudishe plagi. Ni dakika moja.

Dawa ya kudumu ni ethi yenyewe. Usikate pini ya tatu ya plagi, na usifungue tundu la soketi kwa kuchomeka kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Ekstensheni ikiwa na waya mwembamba kama wa chaja ya simu, itilie shaka. Soketi za ukutani mwite fundi umeme mwenye leseni azipime, aone kama fimbo ya shaba ilifukiwa kweli na waya unafika. Na testa ikiwaka kwa mwanga mkali, au kasha likakupiga kwelikweli, acha kuitumia kompyuta hiyo siku hiyohiyo. Hapo huenda waya wa moto umegusa bodi, na hiyo inaua.

Kioo kinaandika "No Signal"

Hapa ndipo penye simu nyingi. Maandishi hayo yana maana moja: TV inasikiliza tundu fulani, na kwenye tundu hilo hakuna anayeongea. Ama inasikiliza tundu lisilo lenyewe, ama kompyuta haijaambiwa iongee, ama njia ya katikati imekatika. Pima kwa mpangilio huohuo, maana vya kwanza viwili havihitaji hata shilingi.

Anza na rimoti. Bonyeza "Source" au "Input", au kile kitufe chenye mshale unaoingia kwenye kiboksi. Itatokea orodha: HDMI 1, HDMI 2, AV, TV. Usikisie. Inama nyuma ya TV uone namba iliyoandikwa kando ya tundu ulilochomeka. Mzee mmoja wa Ujiji aliniambia, "Mwanangu, TV hii imenishinda, ninaiuza." Nikamwuliza, "Shikamoo mzee, waya uko tundu namba ngapi?" Akawasha tochi ya simu, akasoma namba 3. TV ilikuwa kwenye 2. Hakuiuza.

Kama namba ni sahihi, nenda kwenye kompyuta. Shika kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza herufi P mara moja. Yatatokea machaguo manne. "PC screen only" maana yake picha inabaki kwenye kompyuta, na wengi hukwama hapo. "Duplicate" inaonyesha kitu kimoja pande zote mbili, na kwa mtu anayeanza ndiyo rahisi. "Extend" inaifanya TV iwe meza ya pili pembeni: muvi itakuwa imefunguka lakini TV inaonyesha picha tupu ya mandhari, mtu anadhani imegoma. "Second screen only" inaizima laptopu na kuiacha TV peke yake. Kwa muvi mimi hupenda hii ya mwisho, kwa sababu kompyuta inafuata ukubwa wa TV badala ya kuibana TV kwenye ukubwa wa kioo cha laptopu. Ukichagua, subiri sekunde tano hadi kumi kabla ya kubonyeza kingine.

Bado kimya? Sasa pima njia ya katikati, na kipimo kizuri kuliko vyote unacho sebuleni: king'amuzi. Kama king'amuzi chako kimeungwa kwa HDMI na kinaonyesha vizuri, basi waya wake ni mzima na tundu lake la TV ni zima. Zima vyote, chomoa ule waya kwenye king'amuzi upande mmoja tu, uuingize kwenye kompyuta. TV ikiona kompyuta, kibaya ni waya uliokuwa unautumia mwanzo, au tundu ulilokuwa umechomeka. Isipoona, TV na waya vyote vina ushahidi wa kuwa vizima, kwa hiyo tatizo liko kwenye kompyuta, na kununua waya mwingine ni kutupa hela. Kipimo hiki huchukua dakika tatu na kimeokoa fedha za watu wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Kwenye kompyuta za mezani angalia nyuma ya kasha. Nyingine zina sehemu mbili za kutolea picha: moja iko juu, pamoja na matundu ya kibodi na mausi, nyingine iko chini, imelala upande, kwenye kadi ya picha. Kadi ikiwepo, mara nyingi tundu la juu huzimwa lenyewe. Hamishia waya chini.

Kompyuta ya zamani pia hupenda kukuta TV imeshawaka. TV inapounganishwa hujitambulisha, inapeleka kompyuta taarifa ndogo kwamba "mimi ni mkubwa kiasi hiki, naweza picha za aina hii." Kompyuta ikiwaka kabla ya utambulisho huo, nyingine huamua hakuna kioo na kunyamaza hadi uizime na kuiwasha tena. Washa TV kwanza, iweke kwenye tundu lake, ndipo uwashe kompyuta.

Tundu linafanana lakini waya hauingii

Kompyuta nyingi za mezani zinazokuja huku zimetumika ofisini Ulaya, na nyingi hazina HDMI kabisa. Zina VGA ya bluu yenye pini 15 na skrubu mbili, na pembeni yake tundu jembamba linalofanana na HDMI. Liangalie kwa karibu. HDMI imebanwa pembe zote mbili za chini. Hili jingine limekatwa pembe moja tu: ni DisplayPort. Nimeona watu wakilazimisha hadi ulimi wa plastiki wa ndani ukavunjika, na hapo umepoteza tundu. Nunua adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na mwambie muuzaji hivyohivyo, neno kwa neno: "kompyuta ni DisplayPort, TV ni HDMI." Adapta hizi nyingi hupitisha upande mmoja. Ile ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort ina sura hiyohiyo mkononi na haitafanya kitu.

Konvata za VGA zina mtego uleule. Imeandikwa "VGA to HDMI" au "HDMI to VGA", na si kitu kimoja. Kwa kompyuta ya VGA na TV ya HDMI unataka ya kwanza, na ina kimkia cha USB ambacho lazima kichomekwe kwenye kompyuta ili ipate umeme. Watu wengi hukiacha kinaning'inia, wakidhani ni ziada.

Wenye TV ya chogo msikate tamaa. Ipo konvata ya HDMI kwenda AV, ile yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Maandishi ya kompyuta yatakuwa ukungu, hilo halina dawa, lakini muvi inatazamika vizuri tu. Picha ikija nyeusi na nyeupe, au ikipanda na kushuka, tafuta swichi ndogo ubavuni mwa konvata yenye maneno PAL na NTSC. Iweke PAL.

Laptopu mpya zenye tundu dogo la USB-C pekee: si kila USB-C hutoa picha. Tafuta kando ya tundu alama ya radi au herufi ya DP iliyochorwa, au soma kwenye vielelezo vya laptopu, kabla hujalipia adapta.

Kioo kinaandika "Mode Not Supported"

Hii ni nafuu. Waya ni mzima, kompyuta inaongea, ila inatoa picha ambayo TV haiimudu. Tumia kioo cha laptopu yenyewe kufungua mipangilio ya skrini, shusha hadi 1280 kwa 720, hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Picha ikitokea, panda taratibu hadi 1920 kwa 1080. TV nyingi za inchi 32 kioo chake halisi ni 1366 kwa 768, lakini hupokea 1080 na kuipunguza zenyewe.

Picha ipo, sauti hakuna

Uliza kwanza: waya ni upi? VGA ilibuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya picha, na hadi leo haibebi sauti. Hapo unahitaji waya mdogo wa tundu la hedifoni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye sabufa. Na kusema kweli, hata mwenye HDMI namshauri sabufa. TV hizi nyembamba spika zake zinatazama chini au ukutani, na mvua ikianza kupiga bati husikii neno.

Ukiwa na HDMI, sauti mara nyingi imebaki kwenye laptopu kwa sababu kompyuta haijahamishwa. Bofya alama ya spika chini kulia, fungua orodha, chagua jina la TV yako. Muvi iliyokuwa imeshafunguliwa ifunge uifungue tena, kwani baadhi ya programu hushikilia spika ya mwanzo.

Kuna sauti inayokosekana kwa namna nyingine: muziki na milio ya magari inasikika, lakini watu wakiongea midomo inacheza tu. Hiyo inatokana na faili kuwa na sauti ya njia sita, ambamo maneno ya waigizaji yamewekwa kwenye spika ya katikati. Wewe huna spika ya katikati. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta, uiambie una spika mbili, yaani "Stereo", na ndani ya VLC, ile programu ya kuchezea muvi, uzime ile sehemu ya kupitisha sauti ghafi kwa HDMI. Kompyuta itachanganya njia sita kuwa mbili na maneno yatarudi. Dawa hiyohiyo hutibu lile faili moja lisilotoa sauti kabisa wakati mengine yote yanasikika.

Picha imekatwa, au ina mikanda myeusi

Ukiona kitufe cha kuanzia cha Windows kimemezwa na ukingo wa TV, TV inakuza picha kidogo. Ni tabia iliyorithiwa kutoka enzi za chogo, ambapo kingo za picha zilikuwa chafu na viwanda vikaona bora kuzificha. Usihangaike na kompyuta. Ingia kwenye rimoti, sehemu ya ukubwa wa picha, utafute "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", kulingana na aina ya TV. Kama hakuna, ingia sehemu ya kuyapa matundu majina, ulipe tundu hilo jina la PC.

Mikanda myeusi juu na chini ni jambo tofauti, nami huitetea kila mara. Muvi nyingi za sinema hupigwa zikiwa pana kuliko TV. Kioo cha mistari 1080 kikionyesha muvi ya upana wa 2.39 kwa 1, picha yenyewe hutumia kama mistari 800 na iliyobaki huwa nyeusi. Ukiivuta ijaze kioo, ama watu wanarefuka kama mianzi, ama unamkata aliyesimama pembeni. Iache.

Picha inazima sekunde moja na kurudi

Zima vyote, chomoa waya, angalia ncha. Kisha uingize tena na uone kama umekaa au unalegea. Waya mzito unaoning'inia nyuma ya TV iliyotundikwa ukutani huvuta tundu siku baada ya siku. Ufunge kwa kamba kwenye mkono wa ukutani usibebwe na tundu.

Ukisikia umekaa vizuri, fikiria urefu. Picha ya 1080 kwa hezi 60 inahitaji takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde. Ya 4K, ile kali zaidi ya 1080, kwa hezi 60 inahitaji njia ya gigabiti 18, yaani mara nne. Waya wa mita 10 wa bei ya chini huweza kubeba ya kwanza vizuri na kushindwa ya pili: vinatokea vidoti vinavyometameta, halafu giza, halafu picha inarudi. Shusha kompyuta kutoka 4K hadi 1080. Vidoti vikiisha, umempata mhalifu. Mita 2 au 3 zinatosha sebule nyingi, na bora usogeze meza kuliko kurefusha waya.

Halafu sikiliza friji. Kama giza linakuja sawasawa na mlio wa friji kuanza kuunguruma, ni msukosuko wa umeme unaoingia kwenye waya usio na kinga nzuri, na nyumba isiyo na ethi huzidisha. Hamisha TV na kompyuta kwenye soketi nyingine, mbali na ya friji. Kama taa nazo zinafifia kila usiku saa mbili mtaa mzima ukiwa umewasha, tatizo ni volti kushuka, na hapo stabilaiza ndiyo ya kununua.

Muvi inakwamakwama

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie namba ya CPU, yaani prosesa, muvi ikiwa inacheza. Ikigonga 100, kompyuta imezidiwa. Chanzo cha kawaida ni faili lililobanwa kwa mtindo wa H.265, ambao pia huitwa HEVC. Faili linakuwa dogo, ndiyo maana vijana wa kuingiza muvi wanalipenda, lakini kulifungua ni kazi nzito. Prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kulifungua kikamilifu katika kizazi cha sita cha Core, mwaka 2015, na kwa yale ya rangi za biti 10 katika kizazi cha saba. Kompyuta ya kabla ya hapo inatumia nguvu za kawaida na kuchoka. Ukienda kujaziwa flashi, omba ya H.264, mtindo mwepesi kufungua, ya 720. Kwa TV ya inchi 32 iliyo mita tatu kutoka kwenye kochi, hutaona tofauti.

CPU ikiwa chini na bado inakwama, hamishia faili kutoka kwenye flashi hadi ndani ya kompyuta kwanza. Flashi za bei rahisi husoma kwa kusuasua. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro au kitambaa cha kochi huziba matundu ya hewa, inapata moto na kujipunguza kasi: iweke juu ya meza tupu. Kama unatazama kwa intaneti, kumbuka picha ya HD kamili inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Bando likishaisha kasi, hakuna waya utakaosaidia.

Ipo na njia ya bila waya, Windows na K, inayorusha picha hadi kwenye TV janja. Kwa picha za harusi inafaa. Kwa muvi ya saa mbili sijawahi kuipendekeza kwa mtu, inakata.

Maneno hayaendi na midomo

TV hutumia muda kidogo kuremba picha kabla ya kuionyesha. Kama sauti inatoka kompyuta moja kwa moja hadi kwenye sabufa, itafika kabla ya picha. Lipe tundu jina la PC, au washa hali ya michezo, urembaji upungue. Ikibaki tofauti, ndani ya VLC kitufe cha K huchelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza. Spika ya bluetooth hufanya kinyume, sauti ndiyo inachelewa, basi tumia J.

Kwenye programu ya kulipia kioo ni cheusi, sauti inasikika

Huduma za kulipia hufunga picha kwa ulinzi unaoitwa HDCP. Kompyuta, TV na kila kilicho katikati lazima vikubaliane. VGA haina ulinzi huo, kwa hiyo konvata ya VGA mara nyingi ndiyo inayozuia. Muvi zako mwenyewe zitaonekana, za huduma hiyo hazitaonekana. Tumia HDMI mwanzo hadi mwisho.

Rangi zimebadilika

Kila kitu kikiwa cha waridi, kijani au manjano na unatumia VGA, pini moja imepinda au haijagusa. Chomoa, itazame kwenye mwanga, inyooshe kwa ncha ya kibano taratibu. Kwenye HDMI, weusi ukiwa wa kijivu kama moshi, kompyuta na TV hazijakubaliana kiwango: moja inahesabu mwanga kuanzia 0 hadi 255, nyingine kuanzia 16 hadi 235. Kwenye TV tafuta "HDMI Black Level" au "RGB Range" ubadilishe mara moja uone.

Jana ilionyesha, usiku mvua ikanyesha

Kuanzia Oktoba au Novemba hadi mvua zinapokatika, napokea TV zilizokufa tundu moja tu. TV inawaka, chaneli zinaonekana, ila kompyuta haionekani, au kinyume chake. Radi haikuhitaji kupiga nyumba. Ilipiga jirani, mshtuko ukaingia kwa waya wa dishi au wa umeme, ukatoka kwa HDMI. Pima matundu yote ya TV moja baada ya jingine kwa kile kipimo cha king'amuzi kabla ya kuilaumu kompyuta. Likibaki moja zima, TV yako bado ni ya kutumika, na kuna swichi ya HDMI ya bei nafuu ya kuunganisha vifaa viwili kwenye tundu hilo. Yule mama wa Katubuka anatumia hiyo hadi leo, ethi ikiwa imeshafungwa, na testa kwenye skrubu ileile haiwaki.

Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa, chomoa mapema: waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, HDMI upande wa kompyuta, kisha plagi zote ukutani. Radi ikishakuwa juu yenu, usiguse hata waya mmoja. Subiri ipite.